Ramani ya DNA ya binadamu ilikamilika mwaka gani hasa?

Swali: Ninafundisha baiolojia sekondari. Kitabu kimoja kinasema ramani ya DNA ya binadamu ilikamilika mwaka 2000, kingine kinasema 2003, na wanafunzi wangu wameniletea habari ya mtandaoni inayosema 2022. Niwaambie upi ndio wa kweli? Na hiyo DNA iliyosomwa ilikuwa ya nani?

Jibu: Mwalimu, habari za kazi. Miaka yote mitatu ina mashiko, ila haina uzito sawa. Mwaka 2000 ilitangazwa rasimu. Mwaka 2003 mradi ulifungwa, kwa kipimo ambacho mradi wenyewe ulikuwa umejiwekea. Mwaka 2022 ndipo kwa mara ya kwanza kromosomu 22 za kawaida pamoja na ile ya X zilichapishwa zote zikiwa zimesomwa kutoka ncha hadi ncha. Kromosomu Y ilisubiri hadi 2023. Ukinibana nichague mmoja nachagua 2022, nami nitakueleza kwa nini.

Kwanza tutenganishe kazi mbili ambazo vitabu vingi huzichanganya. Kuchora ramani ni kujua jeni fulani imekaa kwenye kromosomu ipi, jirani na nini, kwa umbali gani. Kusoma mfuatano ni kuzitaja herufi zenyewe za DNA, yaani A, C, G na T, moja baada ya nyingine, na katika seti moja ya kromosomu 23 ziko zaidi ya bilioni 3. Kazi ya kwanza ilianza zaidi ya miaka 60 kabla ya watu kuwa na njia nyepesi ya kufanya ya pili, tena ilianza bila mtu yeyote kujua kwamba jeni zimetengenezwa kwa DNA.

Aliyeianza ni Alfred Sturtevant, mwanafunzi kijana katika maabara ya Thomas Hunt Morgan, Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Maabara ile ilifuga inzi wadogo wa matunda kwenye chupa, na ilikuwa imekwisha kuona kwamba tabia fulani hurithiwa pamoja karibu kila mara, nyingine hutengana. Sababu ni kwamba mayai na mbegu za kiume zinapotengenezwa, kromosomu za jozi moja hubadilishana vipande. Jeni mbili zinazokaribiana ni nadra kutenganishwa na mabadilishano hayo. Zilizo mbalimbali hutenganishwa mara kwa mara. Usiku mmoja wa mwaka 1911 Sturtevant alibeba takwimu za maabara akaenda nazo nyumbani, akaweka kando kazi zake za darasani, na kulipopambazuka alikuwa amezipanga jeni kwenye mstari mmoja, umbali kati yao ukiwa umepimwa kwa asilimia za kutengana. Ramani hiyo ya tabia sita ilichapishwa mwaka 1913. Hakuna jeni aliyoiona kwa macho. Alichokuwa nacho ni hesabu ya inzi tu.

Kwa binadamu njia hiyo iligoma. Inzi hutoa kizazi kipya ndani ya wiki mbili, na mtafiti ndiye anayeamua nani azae na nani. Binadamu hatupangiwi wenza na maabara, watoto wetu ni wachache, na kizazi kimoja hula robo ya karne. Upofu wa rangi ulihusishwa na kromosomu X mwaka huohuo wa 1911, lakini huo ulikuwa mteremko: mama asiye na tatizo anawarithisha wana wa kiume, na mtindo huo wa kurithi unajieleza wenyewe. Baada ya hapo palipita zaidi ya nusu karne bila jeni hata moja kupewa makazi kwenye kromosomu yoyote kati ya zile 22 za kawaida. Hata idadi ya kromosomu zetu ilikuwa imekosewa. Vitabu vilifundisha 48 hadi Joe Hin Tjio na Albert Levan, wakifanya kazi Lund, Sweden, walipozihesabu vizuri na kutangaza mwaka 1956 kwamba ni 46.

Jeni ya kwanza kupata anwani kwenye kromosomu hizo za kawaida ilipatikana kwa bahati ya aina yake. Roger Donahue, mwanafunzi wa Johns Hopkins huko Baltimore, aliziangalia kromosomu zake mwenyewe kwa darubini akakuta moja ya namba 1 imerefuka isivyo kawaida. Akawaendea ndugu zake, akapima damu zao, na akaona ile kromosomu ndefu ikirithiwa bega kwa bega na kundi la damu liitwalo Duffy. Matokeo yalichapishwa mwaka 1968. Mimi huwa nawasimulia wanafunzi kisa hiki kabla ya kuwatajia mradi wowote mkubwa, kwa sababu kinaonyesha shida ilikuwa wapi: palihitajika alama inayoonekana, na alama zilikuwa adimu.

Alama zilipatikana kwa wingi tulipopata kutoka kwa bakteria vimeng'enya vya kukata DNA. Kila kimeng'enya cha aina hiyo hutambua mfuatano mfupi wa herufi na kukata hapo tu. Mtu ambaye herufi moja ya mahali pale imebadilika hakatwi, kwa hiyo kipande chake hutoka kirefu kuliko cha mwenzake. Mwaka 1978 Y. W. Kan na Andrée Dozy wa San Francisco walichukua DNA ya watu wenye asili ya Afrika, wengine wakiwa na selimundu na wengine hawana, wakaikata kwa kimeng'enya kimoja na kutafuta kipande kilicho jirani na jeni ya hemoglobini. Kwa wengi wenye hemoglobini ya kawaida kipande kilikuwa na urefu wa takriban herufi 7,600. Kwa wengi wenye jeni ya selimundu kilikuwa 13,000. Tazama vizuri hapo: badiliko lililofuta mahali pa kukatia halikusababisha ugonjwa wowote. Lilikaa karibu na jeni yenye hitilafu likarithiwa pamoja nayo, basi, na kwa hilo likawa shahidi mzuri.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1980, David Botstein, Raymond White, Mark Skolnick na Ronald Davis waliandika kwamba mashahidi wa namna hiyo wakitapakazwa kwenye kromosomu zote, ugonjwa wowote wa kurithi unaweza kusakwa hata kama hujui protini gani imeharibika. Unafuata ukoo, unatazama ni alama ipi inasafiri na ugonjwa, unasogea hapo. Wenye mashaka hawakukaa nayo muda mrefu. Mwaka 1983 kundi la James Gusella liligundua kwamba ugonjwa wa Huntington, ambao huharibu ubongo wa mtu mzima kidogo kidogo hadi kifo, unasafiri na alama iliyo kwenye kromosomu namba 4. Nguvu ya ushahidi ilitoka kwenye koo kubwa zinazoishi kando ya ziwa Maracaibo, Venezuela, ambako Nancy Wexler, ambaye mama yake mzazi aliuawa na ugonjwa huo, alikuwa akienda kuchukua damu na kuandika nasaba.

Hapo ndipo ramani na usomaji vinapoachana. Alama ilipatikana 1983. Jeni yenyewe ilipatikana 1993. Miaka kumi, makundi kadhaa ya watafiti, ili kutoka "ipo mtaa huu" hadi "ndiyo hii". Jeni ilipopatikana ilionekana kwamba herufi tatu, CAG, zinajirudia ndani yake. Wenye marudio chini ya 36 hawaugui. Wenye 40 na zaidi wataugua wakiishi umri wa kutosha. Ramani nzuri kiasi gani haiwezi kukupa hesabu hiyo. Lazima usome.

Kusoma kwenyewe tulikupata kutoka kwa Frederick Sanger wa Cambridge, Uingereza, mwaka 1977. Mwaka huohuo Allan Maxam na Walter Gilbert wa Harvard walitoa njia yao, lakini ya Sanger ndiyo iliyoshika. Nitaieleza polepole, maana wanafunzi wakiielewa hii mengine yote ni kuongeza kasi.

Unataka kusoma kipande cha DNA. Unakiweka kwenye mirija minne, pamoja na kimeng'enya kinachonakili DNA na herufi za kutosha za kunakilia. Katika mrija wa kwanza unaongeza kiasi kidogo cha A zilizoharibiwa makusudi: zinaweza kuungwa kwenye nakala, ila baada yake hakuna herufi nyingine inayoweza kushika. Mrija wa pili unaweka C za namna hiyo, wa tatu G, wa nne T. Kimeng'enya kinanakili, na kwa bahati nasibu kinaokota herufi iliyoharibiwa na kukwama. Kwa kuwa nakala ni mamilioni, mrija wa A mwishoni una vipande vya kila urefu unaoishia kwenye A, mrija wa C kila urefu unaoishia kwenye C, na kadhalika. Unavipitisha vyote kwenye jeli yenye umeme, kila mrija na mstari wake. Vipande vifupi hukimbia zaidi, virefu hubaki nyuma. Vimewekewa mionzi, kwa hiyo ukilaza filamu ya eksirei juu ya jeli unapata ngazi ya mistari myeusi. Sasa unasoma kutoka chini kwenda juu: mstari wa chini kabisa upo safu ya G, andika G, unaofuata upo safu ya A, andika A, halafu T, halafu T tena. Jeli nzuri ilikupa herufi mia mbili au tatu, ukiwa na macho na subira.

Kwa njia hiyo kundi la Sanger lilisoma kirusi kinachoshambulia bakteria, phiX174, chenye herufi 5,386. Mwaka 1981 Cambridge walitoa DNA ya mitokondria ya binadamu, herufi 16,569, ambayo kwangu ndiyo jenomu (yaani seti nzima ya DNA) ya kwanza ya binadamu kusomwa yote ingawa ni ndogo na hupatikana nje ya kiini cha seli. Sehemu kubwa ilitoka kwenye kondo la nyuma la mtu mmoja. Mwaka 1999 ilisomwa upya na makosa machache yakarekebishwa, likiwamo moja la herufi iliyohesabiwa mara mbili. Ili kutovuruga namba za miaka yote ile, wataalamu waliacha nafasi tupu mahali pa herufi iliyozidi. Hadi leo nafasi hiyo ipo.

Ukitoka 16,569 kwenda bilioni 3 unahitaji kiwanda. Mwaka 1986 Leroy Hood na Lloyd Smith wa Caltech, pamoja na wenzao, walibadilisha mionzi kwa rangi nne zinazong'aa, moja kwa kila herufi, hivyo mirija minne ikawa mmoja na mwanga wa leza ukasoma badala ya jicho. Wakati huohuo wazo la kusoma jenomu yote lilikuwa linazunguka Marekani: Robert Sinsheimer aliitisha mkutano Santa Cruz mwaka 1985, na mwaka uliofuata Charles DeLisi alilisukuma ndani ya Wizara ya Nishati. Ndiyo, nishati. Wizara hiyo ilirithi utafiti wa madhara ya mionzi ya nyuklia kwa wanadamu, kwa hiyo mabadiliko ya DNA yalikuwa shughuli yake ya kila siku. Wanabaiolojia wengi walipinga: fedha nyingi, kazi ya kuchosha, na sehemu kubwa ya DNA wakati ule ilionekana haina maana. Hata hivyo mradi ulianza rasmi Oktoba 1990 kwa makisio ya miaka 15 na dola bilioni 3, James Watson akiuongoza kwanza upande wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, kisha Francis Collins kuanzia 1993.

Miaka ya mwanzo ilikuwa ya ramani tu, na hapo Wafaransa waliwapiga kumbo Wamarekani. Jean Dausset alikuwa amekusanya DNA ya familia kubwa, babu na bibi hadi wajukuu, akaigawa kwa yeyote aliyekubali kurudisha matokeo. Maabara ya Généthon, ikilipwa na michango ya wananchi iliyokusanywa kwa kipindi cha televisheni kwa ajili ya wagonjwa wa misuli, ilitoa ramani baada ya ramani. Ile ya mwaka 1996 ya kundi la Jean Weissenbach ilikuwa na alama 5,264. Magonjwa mengi ya kurithi yaliyopatiwa jeni miaka ile yalipatikana kwa ramani hizo, si kwa usomaji. Ukiniuliza ni sehemu gani ya historia hii inayopewa sifa pungufu, nitakutajia hii.

Mpango wa kusoma ulijengwa juu ya ramani. DNA ilikatwa vipande vya takriban herufi 150,000, kila kipande kikaingizwa ndani ya bakteria ili bakteria akizaliana na kipande kinakiliwe. Kisha vipande vilipangwa kwanza kama vilivyokaa kwenye kromosomu, na baada ya hapo ndipo kila kimoja kilivunjwavunjwa, kikasomwa na kuunganishwa. Polepole, lakini ukikosea unakosea ndani ya kipande kimoja. Vituo 20 vya nchi sita, Marekani, Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, Japani na China, viligawana kromosomu. Mwaka 1996, katika kikao cha Bermuda, vilikubaliana kuweka matokeo hadharani ndani ya saa 24. John Sulston wa Uingereza alilisimamia sharti hilo kwa ukali, na kwa maoni yangu ndilo uamuzi mkubwa kuliko wote uliofanywa katika mradi huo.

Ukubwa wake ulionekana Mei 1998, Craig Venter alipotangaza kampuni mpya iliyokuja kuitwa Celera. Venter alikuwa amesoma bakteria mzima, Haemophilus influenzae, mwaka 1995, kwa kuvunja jenomu yote kwa mpigo na kuiachia kompyuta kazi ya kuunganisha, bila ramani. Aliahidi kumfanyia binadamu vivyo hivyo, haraka na kwa bei nafuu, na watakaotaka kutumia hifadhi kamili ya data walipe. Mradi wa umma ukakaza mwendo. Celera ilitumia pia data za umma zilizokuwa zinamwagwa hadharani kila siku, na wataalamu wamebishana kwa miaka kama ingefika bila hizo. Mimi naona isingefika kwa ubora ule, walau kwa teknolojia ya siku zile.

Tarehe 26 Juni 2000 Rais Bill Clinton alisimama Ikulu ya Marekani akiwa na Collins na Venter, Tony Blair akishiriki kwa setilaiti kutoka London, na sare ikatangazwa. Kilichokuwapo nyuma ya jukwaa ni kichekesho kidogo. Wiki chache kabla, mradi wa umma ulikuwa na malaki ya vipande lakini hauna programu ya kuviunganisha. Jim Kent, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, alijifungia akaiandika ndani ya mwezi mmoja hivi, akipoza vifundo vya mikono kwa barafu. Alimaliza kuunganisha tarehe 22 Juni, siku nne kabla ya sherehe. Tarehe 7 Julai matokeo yaliwekwa kwenye intaneti, bure. Kwa hiyo ukisoma "ilikamilika mwaka 2000", elewa kwamba sherehe ndiyo iliyokamilika. Rasimu iliyochapishwa Februari 2001 ilikuwa na mapengo karibu 150,000.

Kazi ya kuziba ilichukua miaka mingine miwili na ushee. Aprili 2003, miaka 50 tangu Watson na Crick wachapishe umbo la DNA, mradi ulitangaza umemaliza. Makala ya kina ya mwaka 2004 ilitoa hesabu: herufi bilioni 2.85, mapengo 341 tu, kosa takriban moja katika kila herufi 100,000. Iliposemwa asilimia 99 imesomwa, palikuwa na maneno madogo yanayorukwa na vitabu: asilimia 99 ya sehemu zenye jeni nyingi. Sehemu zilizokunjamana sana, hasa kiuno cha kila kromosomu kiitwacho sentromia, ziliachwa nje ya hesabu tangu mwanzo, kwa kuwa hakuna aliyejua namna ya kuzisoma. Ukizihesabu, takriban asilimia 8 ya jenomu ilikuwa haijaguswa.

Matokeo yaliwashangaza wataalamu wenyewe, hasa juu ya idadi ya jeni. Mwaka 2000 Ewan Birney alifungua daftari la kubahatisha: kila mtafiti aweke dola na namba yake. Namba za zaidi ya 100,000 hazikuwa nadra. Mwaka 2003 aliyeshinda ni Lee Rowen, aliyeandika 25,947, namba ndogo kuliko zote kwenye daftari, na hata hiyo ilikuwa kubwa mno. Leo tunahesabu jeni za kutengeneza protini kama 20,000.

Turudi kwenye ile asilimia 8, maana ndiyo inayonifanya nichague 2022. Chukua nakala kadhaa za wimbo mrefu wenye kibwagizo kilekile baada ya kila ubeti, uzichanechane vipande vya maneno matatu matatu, halafu umpe mtu aupange upya. Beti atazipanga, kwa sababu mwisho wa kipande kimoja unaingiliana na mwanzo wa kingine. Vibwagizo hatajua vilikuwa vingapi, wala kipi kilikaa wapi. Sentromia zetu ni kibwagizo kitupu: mfuatano wa herufi 171 unaojirudia kwa mamilioni ya herufi, kila rudio likitofautiana kidogo tu na jirani yake. Mashine za Sanger zilisoma herufi mia kadhaa kwa mpigo. Zilizofuata baada ya 2005, zilizoshusha gharama ya kusoma mtu mmoja kutoka mamilioni ya dola hadi karibu dola 1,000, zilisoma vipande vifupi zaidi. Bei ilishuka, mapengo yakabaki palepale.

Suluhisho lilikuwa kusoma vipande virefu. Mashine za Oxford Nanopore hupitisha uzi wa DNA kwenye tundu dogo mno na kupima umeme unavyobadilika, na zinaweza kusoma herufi zaidi ya 100,000 bila kukatika. Za PacBio zilifikia herufi kama 20,000 kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 99.9. Kundi lililoongozwa na Karen Miga na Adam Phillippy liliunganisha nguvu za mashine hizo mbili. Kromosomu X ilitoka 2020, na zote pamoja zikachapishwa tarehe 31 Machi 2022: herufi bilioni 3.055, karibu milioni 200 zikiwa mpya kabisa.

Kulikuwa na ujanja mwingine. Kila seli yetu ina nakala mbili za kila kromosomu, ya baba na ya mama, na kuzitenganisha kwenye marudio ni balaa. Watafiti walitumia seli zilizotokana na mimba zabibu, ile hali ambayo yai lisilo na DNA ya mama linapata mbegu ya kiume, na DNA ya mbegu hiyo inajinakili. Nakala zote mbili zinakuwa sawasawa, kwa hiyo unasoma moja tu. Ubaya ni kwamba seli zile hazikuwa na Y. Hiyo ilisomwa kutoka kwa mtu mwingine na kuchapishwa Agosti 2023, ikiwa na herufi zaidi ya milioni 62. Zaidi ya nusu yake haikuwamo kwenye jenomu rejea iliyotangulia, yaani ile ambayo watafiti hulinganishia DNA nyingine zote. Kwenye mtihani, mwanafunzi akiulizwa mradi ulimalizika lini, jibu ni 2003. Akiulizwa jenomu ilisomwa yote lini, jibu hilohilo ni kosa.

Sasa, ilikuwa ya nani? Kwa 2022 umeshapata jibu: si ya mtu aliyewahi kuzaliwa. Jenomu ya mradi wa umma ni viraka vya watu kadhaa, lakini viraka havikulingana. Mwaka 1997 maabara ya Pieter de Jong, katika mji wa Buffalo, jimbo la New York, ilitangaza gazetini ikitafuta watu wa kujitolea kutoa damu, na majina yao yakaondolewa kwenye sampuli. Mmoja wao, mwanamume aliyepewa alama RP11, alitoa vipande vilivyofanya kazi vizuri mno, hata akajikuta amebeba takriban asilimia 70 ya jenomu rejea ambayo dunia nzima imeitumia. Uchambuzi wa baadaye unaonyesha asili yake ni mchanganyiko wa Afrika na Ulaya. Celera, kwa upande wao, walisema wametumia watu watano. Mwaka 2002 Venter alikiri kwamba sehemu kubwa ilikuwa yake mwenyewe.

Jenomu rejea ya mtu mmoja ina dosari ya kikazi. Mgonjwa akiwa na kipande cha DNA ambacho hakimo kwenye rejea, kompyuta haina pa kukiweka, inakitupa. Mwaka 2018 uchambuzi wa watu 910 wenye asili ya Afrika ulikuta herufi karibu milioni 300 zisizomo kwenye rejea ya kawaida. Mwaka 2020 watafiti wa H3Africa, mtandao wa utafiti wa jenomu barani Afrika, walisoma jenomu za watu 426 kutoka jamii 50 za Afrika wakakuta mabadiliko zaidi ya milioni 3 ambayo hayakuwa yameandikwa popote. Ndiyo maana Mei 2023 ilitolewa rejea ya kwanza iliyojengwa kwa watu 47 wa asili mbalimbali kwa pamoja, na inaendelea kuongezwa watu.

Faida ya kuwaingiza watu wa asili mbalimbali si ya walioachwa nje peke yao. Mwaka 2006 watafiti wa Texas walionyesha kwamba asilimia 2.6 ya Wamarekani weusi waliowachunguza walikuwa na jeni ya PCSK9 iliyovunjika, jambo lililokuwa nadra sana kwa Wamarekani weupe. Kuvunjika kwa jeni hiyo hakukuwaletea ugonjwa. Lehemu mbaya kwenye damu yao ilikuwa pungufu kwa asilimia 28, na ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa pungufu kwa asilimia 88. Kampuni za dawa zikaanza kutafuta namna ya kuizima protini ya jeni hiyo kwa makusudi, na dawa mbili za kwanza ziliidhinishwa Marekani mwaka 2015.